Undermine: Kuchimba Chini ya Msingi

Kitenzi cha Kiingereza undermine hutafsiriwa mara nyingi kwa maneno "dhoofisha" au "hujumu". Tafsiri hizo si kosa, lakini hazionyeshi jinsi tendo lenyewe linavyotendeka. Asili ya hujumu ni neno la Kiarabu lenye maana ya kushambulia, na mshambuliaji huonekana. Undermine limeundwa kwa maneno mawili: under, yaani chini, na mine, yaani kuchimba njia ardhini.

Katika Karne za Kati, jeshi la Ulaya lililoshindwa kubomoa ukuta wa ngome lilichimba handaki chini ya msingi wake. Dari ya handaki ilitegemezwa kwa nguzo za miti. Nguzo zilipochomwa moto, ukuta ulianguka kwa uzito wake wenyewe. Ndivyo Mfalme John wa Uingereza alivyoangusha pembe ya mnara wa ngome ya Rochester mwaka 1215. Aliagiza nguruwe 40 walionona ili mafuta yao yachochee moto huo.

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kazi kama hiyo hufanywa na maji. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mteremko ukiondolewa miti na nyasi, maji hukusanyika katika vijia na mitaro, na korongo huanza. Ukingo wa juu hushikwa na mizizi; kwa hiyo maji yaangukayo huchimba zaidi udongo laini ulio chini yake. Ukingo hubaki ukining'inia, na uzito unapouzidi, humeguka. Korongo limesogea hatua moja kuelekea shamba au nyumba.

Ni dhahiri, basi, kwamba kujaza udongo mlegevu korongoni hakutoshi. Kwanza hapana budi maji yapunguzwe kasi huko juu kwa makinga maji na nyasi. Kisha mawe yapangwe pale yanapoangukia, ili nguvu yake ivunjike.

Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi kwenye korongo lililo karibu na shule, wakati wa kiangazi, wapime umbali wake kutoka kwenye mti fulani, na kurudia kipimo hicho baada ya mvua. Lakini wasisimame ukingoni. Nyasi mbichi zilizo juu si ushahidi kwamba chini yake bado kuna ardhi.