Kabla Kompyuta Haijajumlisha Pesa za Kikundi

Wasomaji wetu, siku hizi kuna vikundi ambavyo havitosheki na daftari peke yake. Kijana aliyesomea kompyuta anaitwa, anaombwa awatengenezee ukurasa wa intaneti ambapo mweka hazina ataandika michango, na kila mwanachama aone akiba yake kwa simu. Ni jambo zuri. Lakini kijana akisema, "Mimi nitatumia TypeScript," wazee wanaitikia tu kwa kichwa. Hebu tulieleze neno hilo, maana linahusu pesa zenu.

Kwanza mjue kwamba kompyuta haioni 500 vile sisi tunaiona. Kwake kuna 500 ya hesabu, na kuna "500" ya maandishi, yaani tano, sifuri, sifuri zilizopangwa tu kama herufi za jina la mtu. Na chochote mweka hazina anachoandika kwenye kisanduku cha ukurasa, kompyuta hukipokea kama maandishi, kijana asipoandika amri ya kukigeuza. Sasa JavaScript, ile lugha inayoendesha kurasa za intaneti, ikikuta alama ya kujumlisha kati ya namba na maandishi, haijumlishi. Inaunganisha! Mama ana akiba ya shilingi 1500, ameleta 500, ukurasa unaandika 1500500. Ameamka milionea.

Hiyo mtaiona mara moja. Mbaya ni ile isiyoonekana. Mwanachama mpya ana akiba 0, analeta 500, ukurasa unaonyesha 0500. Nani atashtuka? Tena kutoa hakufanani na kujumlisha. Ukiiambia JavaScript itoe 200 katika "500" ya maandishi, inaigeuza namba yenyewe na kujibu 300 sawasawa. Kwa hivyo kijana akijaribu makato ya mikopo anaona iko sawa, anaenda zake nyumbani.

Kwa nini lugha iwe hivyo? Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na toleo la kwanza alilifanya kwa siku kama kumi hivi. Ilikuwa ya kazi ndogo ndogo za kurasa. Haikukusudiwa kubeba mahesabu ya benki na maduka, lakini ndivyo ilivyokuja kutumika. Programu zikawa ndefu, makosa yakajificha. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa TypeScript, kazi iliyoongozwa na Anders Hejlsberg wa Denmark. Facebook nao wakatoa Flow mwaka 2014.

Kazi yake ni ukaguzi. Kijana anaandika programu kama kawaida, ila anabandika lebo: hapa pakae namba, hapa pakae maandishi, hapa tarehe. Kisha, kabla programu haijaguswa na mtu yeyote, TypeScript inasoma maandishi yote ya programu na kufuata kila kitu kinaenda wapi. Akipeleka maandishi ya kisanduku mahali palipoandikwa namba, inamwonyesha mstari ule ule na kumwambia kwamba maandishi hayaingii hapo. Ni kama kupepeta mahindi kabla ya kuyapeleka kwa posho mill, si kutafuta jiwe kwenye ugali. Ukaguzi ukiisha lebo zinaondolewa, inabaki JavaScript ya kawaida.

Tena inakamata pengo. Mwanachama mmoja hana nambari ya simu, ukurasa unaitafuta, haipo, ukurasa unakwama. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2016, TypeScript inaweza kuambiwa imlazimishe mwandishi aseme itakuwaje kitu kikikosekana.

Lakini jamani, msidanganyike. Kuna lebo inaitwa "any", maana yake chochote kinaruhusiwa. Kijana mvivu akiibandika kila mahali, hapo hakuna ukaguzi, ni jina tu. Hata ile alama ya kujumlisha, TypeScript inaikubali kati ya namba na maandishi. Kelele inapigwa pale jibu linapoingia mahali penye lebo ya namba. Bila lebo, hakuna kelele. Na mweka hazina akiandika 5000 badala ya 500, zote ni namba, itapita. Riba ikikokotolewa vibaya, itapita pia. Mwaka 2017 watafiti Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr walichukua makosa 400 yaliyopatikana katika programu za JavaScript zilizo wazi kwa umma. TypeScript na Flow, kila moja ingekamata kama asilimia 15. Kwa maoni yetu hiyo si haba kwa kitu cha bure, lakini daftari bado lisichomwe.

Ndiyo, ni ya bure, kwa hivyo msikubali kutozwa pesa ya kuinunua. Mnacholipia ni muda wa kijana. Kama anatumia lugha ya PHP, aulizwe kuhusu PHPStan. Kama ni Python, kuna mypy.

Siku ya kupokea kazi, mwambieni afungue mpangilio wa TypeScript awaonyeshe neno "strict" limewekwa "true". Kisha mweka hazina amwandikishe mwanachama wa majaribio mwenye akiba 0, amwekee 500, halafu 300. Ikitoka 0500300, pesa ya mwisho isilipwe bado.