Chanzo na Kifiko: Istilahi za Uelekezaji wa Sauti katika Kompyuta

Miongoni mwa maandishi yaletwayo kwetu ili tuyatazame kabla hayajachapishwa, imeanza kuonekana miongozo ya kutumia kompyuta katika studio ndogo za redio. Jambo hili si la ajabu. Tangu Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, redio zimeenea hata katika mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam; Shinyanga ina Radio Faraja, Geita ina Storm FM, na ziko nyingine kadha wa kadha. Kituo kidogo aghalabu hakina fedha za kununua mitambo yote ya studio kubwa. Kwa hiyo kompyuta moja hufanywa kuwa kinasa sauti, ghala la muziki, simu ya kuzungumzia na wageni, na pengine mtambo wa kuchanganyia sauti pia.

Katika ukanda wa dhahabu kazi ya namna hii si mchezo. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, wilayani Kahama, walitolewa hai chini ya ardhi baada ya siku 41. Januari 2017 wachimbaji 15 waliofukiwa katika mgodi mmoja mkoani Geita waliokolewa wote. Siku kama hizo jamaa na majirani huketi kando ya redio wakingoja sauti ya mkaguzi wa migodi au mkuu wa wilaya, na sauti hiyo siku hizi huja kwa simu ya intaneti iliyomo ndani ya kompyuta ya studio. Fundi akiwa ameongozwa vibaya na neno moja la mwongozo, mkuu wa wilaya atazungumza vizuri kabisa, mtangazaji atamsikia, na wasikilizaji hawatasikia chochote.

Tuanze na dhana yenyewe, maana istilahi haiwezi kuwa safi ikiwa dhana ni chafu.

Katika studio ya zamani kila sauti ilikuwa na waya wake. Waya ulitoka kwenye maikrofoni ukaingia kwenye miksa. Mwingine ulitoka kwenye kinasa sauti. Mwingine ulikwenda kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Fundi aliyetaka kujua sauti inapita wapi aliufuata waya kwa mkono. Kompyuta imeuondoa waya huo machoni petu, lakini njia bado ipo. Isipopewa maagizo mengine, kompyuta hufuata kanuni moja nyepesi: sauti ya kila programu huenda kwenye spika, na kila programu inayonasa sauti husikiliza maikrofoni. Hakuna njia ya moja kwa moja kutoka programu moja kwenda nyingine. Ndiyo sababu watangazaji wengine huiweka maikrofoni mbele ya spika ili sauti ya mgeni inaswe. Matokeo yake yanajulikana: sauti hutoka kwenye spika, huingia kwenye maikrofoni, hurudi kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, na kwa nukta moja studio nzima huanza kuvuma.

Programu za kuelekeza sauti huondoa tatizo hili kwa kutengeneza waya usioshikika. Kwa watumiaji wa Windows zipo VB-CABLE na VoiceMeeter, zote kazi ya Mfaransa Vincent Burel. Kwa Linux ipo JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis. Kwa kompyuta za Apple ipo BlackHole. (Wafasiri wakumbuke kwamba hayo ni majina ya bidhaa. VoiceMeeter ina toleo liitwalo Banana na jingine liitwalo Potato. Kuyaita ndizi na kiazi ni kumpoteza msomaji atakayelitafuta jina hilo kwenye kioo cha kompyuta asilione.)

Waya huo tunapendekeza uitwe waya pepe. Neno pepe limekwisha kuzoewa katika barua pepe, na waya ndilo neno la fundi. Tulishauriwa kulitumia neno bomba, ambalo lingeeleweka mara moja na yeyote aliyewahi kuvuta maji kutoka katika duara la mchimbaji. Lakini bomba lina kazi nyingine nyingi mitaani, na tumeona ni vema kutoliongezea mzigo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tatizo. Mwenye kuweka VB-CABLE katika kompyuta yake huona vitu viwili vipya. Katika orodha ya vifaa vya kutolea sauti hukuta kiitwacho CABLE Input. Katika orodha ya vifaa vya kunasia sauti hukuta kiitwacho CABLE Output. Yaani katika orodha ya kutolea kumewekwa jina la kuingilia, na katika orodha ya kuingizia kumewekwa jina la kutokea! Si kosa la mtengenezaji. Yeye amesimama ndani ya waya: mahali sauti inapoingia katika waya amepaita maingilio. Lakini programu ya simu, iliyoko nje ya waya, mahali hapo hapo ndipo inapotolea sauti yake. Ncha moja ni ingizo kwa huyu na ni tokeo kwa yule.

Mfasiri anayeandika ingizo na tokeo bila kusema ni la nani huuhamisha utata huo mzima mzima katika Kiswahili, tena huuzidisha. Mwalimu asomapo matokeo hufikiria mitihani. Neno toleo, ambalo wengine wamelijaribu, ni la magazeti na majarida, kama hili ulilolishika mkononi. Pato ni la mshahara, na kiingilio ni cha mlangoni kwenye mpira.

Pendekezo letu ni kuyaacha maneno hayo katika muktadha huu na kuuliza maswali mawili ambayo kila msemaji wa Kiswahili huyauliza akikutana na msafiri: unatoka wapi, unakwenda wapi? Sauti inapotoka tupaite chanzo. Sauti inapokwenda tupaite kifiko, neno la zamani lenye maana ya mahali pa kufikia, ambalo limelala kamusini bila kazi ya kutosha. Faida yake ni kwamba msemaji hasimami tena ndani ya waya wala ndani ya programu. Anafuatana na sauti yenyewe. Maagizo yanakuwa hivi: katika programu ya simu, chagua waya pepe kuwa kifiko, katika programu ya kurushia matangazo, chagua waya pepe uo huo kuwa chanzo. Fundi hana haja ya kujua ni ncha ipi.

Baada ya kufanya hivyo mtangazaji atashtuka kwamba yeye mwenyewe hamsikii mgeni. Ni kweli, maana sauti yote imekwisha kwenda kwenye waya. Hapana budi nakala ya sauti hiyo ipelekwe pia kwenye hedifoni zake, ama kwa mipangilio ya sauti ya kompyuta ama kwa programu ya kuchanganya kama VoiceMeeter. Spika za studio zizimwe wakati maikrofoni iko wazi.

Tena mgeni naye lazima amsikie mtangazaji, pamoja na muziki au mgeni mwingine ikihitajika. Lakini asijisikie mwenyewe. Sauti yake ikimrudia baada ya nusu nukta, mtu hujikwaa ulimi, hunyamaza, na wengine hukata simu wakidhani mtandao umeharibika. Kwa hiyo huwekwa waya pepe wa pili, unaobeba kila sauti ya studio isipokuwa ile ya mgeni, na waya huo huwa chanzo katika programu ya simu. Mwongozo mmoja uliotufikia uliuita mkusanyiko huo mchanganyo pungufu. Hatuupendi. Pungufu ni kitu chenye kasoro, na fundi mwenye bidii atataka kuikamilisha kasoro hiyo, aharibu kila kitu. Tunapendekeza mchanganyo wa mgeni: umeitwa kwa jina la mwenye kuupokea.

Kuhusu sauti inayomrudia mgeni, tumeona watu wakiandika marudio. Katika Shinyanga na Geita neno hilo lina wenyewe: marudio ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, ambayo huuzwa na kuchenjuliwa tena. Redioni kwenyewe marudio ni kipindi kinachorushwa mara ya pili. Tutumie mwangwi. Wala mrejesho haufai kwa ule mvumo wa maikrofoni na spika, kwa kuwa maofisini mrejesho umekwisha kuwa majibu ya barua na taarifa, mvumo unatosha. Tunalitaja neno kuchenjua kwa furaha kidogo, kwani limetoka kwenye mialo ya wachimbaji hadi kwenye leseni za Tume ya Madini bila kumwomba mtu ruhusa.

Kipaza sauti ni ugomvi wa siku nyingi. Kwa wengine ni kile unachosemea, kwa wengine ni kile kinachotoa mlio juu ya nguzo. Katika somo ambalo lote ni la kutenganisha chanzo na kifiko, neno linaloshika vyote viwili ni hatari. Tuseme maikrofoni na spika, hata kama Bunge nalo lina Spika wake.

Yamebaki mambo ya hesabu. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kwa kila nukta, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000; hicho tukiite kima cha sampuli. Vifaa vyote vya njia moja viwekwe kima kimoja. Sauti iliyopimwa kwa 44,100 ikichezwa kwa 48,000 bila kugeuzwa, hukimbia na kupanda kwa karibu asilimia 9, na mzee wa Bukombe akasikika kama kijana. Vipimo hukusanywa kwanza katika bafa kabla ya kupitishwa: bafa ya vipimo 512 kwa kima cha 48,000 huichelewesha sauti kwa takriban elfu 11 za nukta, yaani sehemu moja ya mia hivi. Ucheleweshaji huo tumependekeza uitwe kawio. Bafa ikipunguzwa mno, kompyuta dhaifu hushindwa kwenda sambamba na sauti hukwaruza. Ikiongezwa mno, kawio hukua. Kwa mazungumzo ya simu ni afadhali kuiacha kubwa kidogo.

Maadamu programu zenyewe hazijatafsiriwa, wafasiri wayaache majina yaliyo kwenye kioo kama yalivyo, herufi kwa herufi, na mbele ya kila jina waandike chanzo au kifiko. Wenye vituo watakaoyajaribu maneno haya watuandikie. Hasa tungependa kujua mafundi wa Kahama na Geita wanauitaje ule mvumo, maana hatudhani kwamba wamekaa na kelele hiyo miaka yote bila kuipa jina.