Mvua Imekatika, Lakini Shimo Bado Linakunywa

Kama una ndugu machimboni Macalder au Osiri, kule Nyatike, Migori, mpigie simu leo. Masika ya Machi hadi Mei hayaui wakati wa kunyesha tu. Maji hupenya polepole, udongo unakuwa mzito, magogo yanayoshika kuta yanalegea. Jua likiwaka mnasema mambo poa, kumbe ukuta bado una maji ya juzi. Theluji ya milima ya Ulaya huporomoka hivyo hivyo: tabaka dhaifu chini, mzigo juu.

Ukiona ufa mpya mdomoni mwa shimo, au vijiwe vinadondoka bila kuguswa, toka. Sururu iache. Najua, vijana wa Homa Bay wameacha madeni nyumbani na mwenye shimo anataka magunia ya mawe. Basi ashuke yeye kwanza.