Onyo ni Haki ya Mnunuzi

Tangu mwaka 2016, pakiti za sigara zinazouzwa nchini Kenya zimekuwa zikibeba picha za viungo vya mwili vilivyoharibiwa na maradhi. Picha hizo hazipendezi, wala hazikukusudiwa kupendeza. Wapo waulizao, na swali lao si la kupuuzwa: serikali ina haki gani ya kumtisha mtu mzima aliyeamua kwa hiari yake kununua bidhaa iliyo halali? Swali hilo lina uzito wa pekee huku Meru na Embu, ambako miraa na muguka hulipa karo za shule, na ambako pombe yenye sumu imewahi kuangamiza watu wengi kwa muda wa siku chache.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliagiza maonyo ya maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za mwaka 2014 zikaongeza picha, jambo ambalo Kanada ilikuwa imelitangulia duniani tangu 2001. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni hizo mahakamani mwaka 2015. Hoja zake kuu zilikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na hatimaye na Mahakama ya Juu mwaka 2019. Kwa upande wa sheria, basi, mjadala umefungwa. Upande wa maadili ungali wazi, na ndio unaotuhusu sisi walimu na wanafunzi.

Wanaolalamikia picha hizo husema kana kwamba pakiti ya sigara ilikuwa kimya mpaka serikali ilipokuja kuipigia kelele. Sivyo hata kidogo. Mwanaisimu yeyote atakwambia kwamba pakiti ni matini. Rangi yake ya dhahabu husema, jina lake la kifahari husema, na nembo yake husema. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na tumbaku imejitembeza kwa muda mrefu mno. Onyo halikuanzisha mazungumzo yale. Limeingia tu katika mazungumzo ambayo upande mmoja ulikuwa ukisema peke yake.

Aidha, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Kwa hiyo onyo si hisani ya serikali, wala si adhabu kwa mvutaji. Ni sehemu ya kile anachokilipia. Baada ya kulisoma, angali huru kuwasha sigara yake. Uhuru wa kuchagua bila kujua unachokichagua ni uhuru wa jina tu.

Lakini kwa nini picha, ilhali maneno yapo? Kwa sababu neno huchakaa. Tuliambiwa kwa miaka mingi kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya. Hatari gani? Kwa kiungo kipi? Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini ni ya jumla mno hata jicho likazoea kuiruka. Picha hutaja kiungo, na humfikia hata mzee asiyejua kusoma. Hata hivyo, picha ina kikomo chake. Ingawa sheria inakataza kuuza sigara moja moja, vibandani zingali zinauzwa hivyo. Kijana anayenunua sigara moja hukabidhiwa sigara, na onyo likabaki kwa muuzaji.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali. Katika miaka ya 1980 na 1990, matangazo mengi kuhusu Ukimwi yalitumia mafuvu na sura za watu waliokonda. Watu waliogopa kweli, lakini aghalabu walimwogopa mgonjwa badala ya ugonjwa. Wako waliotengwa na jamaa zao, na wako walioona haya kwenda kupimwa. Funzo lake ni kwamba picha ya onyo na ionyeshe jinsi bidhaa inavyodhuru, isimfanye mgonjwa kuwa kinyago cha kutishia wenzake. Hofu inayofundisha ni halali. Hofu inayoaibisha si halali.

Sharti la pili ni usahihi, na hapa Embu ina ushahidi wake. Mwezi Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika Embu na kaunti nyingine kadhaa, na wengine wakapofuka. Wakati huo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilikuwa tayari inataka chupa ziwe na maonyo, na onyo lililozoeleka ni lile la unywaji wa kupita kiasi. Hebu tulichunguze neno hilo, 'kiasi'. Linazungumzia wingi, na hali hatari ya mwaka ule ilikuwa katika aina ya kinywaji chenyewe. Methanoli huweza kudhuru hata ikinywewa kidogo, na mnywaji hawezi kuitegemea ladha kuitambua. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Tangazo lenye manufaa lingesema: ukinywa, kisha macho yakaingia ukungu, kimbilia hospitali mara moja, usingoje kupambazuke. Na lingesemwa kwa Kiembu, kwa Kimbeere na kwa Kimeru, katika redio ambazo watu wetu husikiliza jioni.

Hili linatufikisha kwenye muguka. Mwezi Mei 2024, Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, na kaunti nyingine za pwani zikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo mwezi huo huo. Tulishangilia. Lakini kati ya marufuku na kimya ipo njia ya tatu, nasi hatujaijadili. Majani hayo yana kathinoni, kichangamshi kinachoondoa usingizi na hamu ya chakula, na mtumiaji huweza kuwa mtumwa wake. Mzazi wa Kilifi anayelalamika kwamba mwanawe halali usiku hasemi uongo, wala mkulima wa Kiritiri anayesomesha watoto kwa zao hilo si mhalifu.

Najua watakaosema kwamba mimi nawatilia wakulima wetu mchanga katika kitumbua chao. La hasha. Mkulima ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba muguka na miraa viuzwe vikiwa na onyo la kweli, na kwamba visiuzwe kwa watoto. Maadamu hatusemi sisi wenyewe madhara ya zao letu, wengine watayasema kwa niaba yetu, na watayasema kwa lugha ya marufuku. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2014, na soko la Maua likaumia.

Walimu wenzangu, kazi nyingine ni yetu darasani. Tuchukue tangazo la kinywaji na onyo lake, tuwaulize wanafunzi: nani anasema, anamwambia nani, amesema nini, na ameficha nini? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali hayo hatatishwa na picha yoyote, wala hatadanganywa na pakiti ya dhahabu.