Bima na Kipimo cha Damu

Mpagazi mwenye akili aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo hakungoja njaa impate porini. Alifungasha posho mapema. Bima ya afya nayo ni posho. Mkoani mwetu, Igunga ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Kila kaya iliyojiunga ilichanga mara moja kwa mwaka. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Lakini si kila kadi hulipia kila kipimo. Mtoto anayeumwa viungo mara kwa mara na kupungukiwa damu huenda ana selimundu, si malaria. Damu ipimwe ndipo ijulikane. Basi, wazazi, kabla ya kulipa mchango ulizeni: “Kipimo hicho kimo? Hupimwa wapi?” Ulizeni mtoto angali mzima.