Kahawa ya Karagwe hufuata bei, haifuati amri

Mto Kagera, unaotenganisha Wilaya ya Kyerwa na Uganda, si mpana kiasi cha kumshinda mtu mwenye mtumbwi na magunia mawili ya kahawa. Kwa miongo kadhaa serikali imetumia polisi, mgambo, vizuizi vya barabarani na amri za wakuu wa wilaya kuhakikisha kwamba kahawa ya Karagwe na Kyerwa haivuki mto huo. Hata hivyo, kila bei ya ng'ambo inapokuwa nzuri zaidi, kahawa huvuka.

Kwa mfanyabiashara anayefuatilia zao hili, tofauti ya bei kati ya Kayanga na ng'ambo ya Murongo ni kipimo kizuri cha sera kuliko hotuba yoyote. Pengo likiwa dogo, halmashauri hupata ushuru, chama kikuu cha ushirika hupata mzigo wa kukoboa, na Taifa hupata dola. Pengo likiwa kubwa, vyote vitatu hupungua hata kama mibuni imezaa vizuri.

Zao hili si geni katika eneo hilo. Wahaya na Wanyambo walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa muda mrefu kabla ya Mwingereza John Hanning Speke kufika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861. Wakoloni walichofanya ni kuigeuza kahawa kuwa zao la fedha na la kodi. Ugomvi nao ulianza mapema. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizigomea kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa mibuni, kwa kuwa waliona amri zinatoka ofisini na hasara inabaki shambani.

Chama kikuu cha wakulima wa Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na kwa miaka mingi kahawa ya Karagwe ilipitia mkondo huo huo wa Bukoba. Chama kilikuwa na kasoro zake, lakini mkulima alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko na viongozi aliowajua kwa sura.

USHIRIKA WAVUNJWA

Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Kazi ya kununua kahawa ikapewa shirika la umma, Mamlaka ya Kahawa. Uamuzi huo ulitolewa wakati mbaya, kwa sababu baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani hadi viwango vya juu sana mwaka 1977.

Badala ya neema hiyo kumfikia mkulima moja kwa moja, sehemu kubwa iliishia katika ushuru wa kuuza nje na gharama za mamlaka. Bei ya mkulima ilipangwa Dar es Salaam mwanzoni mwa msimu, nayo haikwenda sambamba na kupanda kwa bei za sabuni, sukari na majembe.

Makato mengine hayakuonekana kabisa katika stakabadhi, nayo yalitokana na thamani ya shilingi. Kwa bei ya serikali, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na takriban shilingi 17 mwanzoni mwa 1986, wakati mitaani dola hiyo hiyo iliuzwa kwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Kahawa iliuzwa nje kwa dola, lakini mkulima alilipwa kwa shilingi iliyohesabiwa kwa bei ya serikali. Mkulima wa Nkwenda hakuhitaji kusoma uchumi ili kulijua hilo. Alilijua alipofika dukani akakuta rafu tupu, kisha akasikia kwamba ng'ambo ya mto gunia lake linaweza kurudi na sabuni, mafuta ya taa na kitenge.

Serikali iliyaita hayo magendo, na kwa mujibu wa sheria ndivyo yalivyokuwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na walanguzi wengi wakakamatwa. Bidhaa zilifichwa zaidi, lakini hazikuongezeka. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliendeleza njia hiyo, na shilingi ikashushwa thamani.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo kurudi, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake yenyewe, KDCU. Lakini vyama vilivyorudi havikuwa vile vilivyovunjwa. Mali zilikuwa zimetawanyika, wanachama walikuwa wamepoteza imani, na madeni ya benki yalianza kukua mapema.

MAGENDO HUGEUKA NA SERA

Wapo wanaodai kwamba kahawa huvuka kwa sababu watu wa mpakani hawana uzalendo. Historia ya jirani inakanusha dai hilo. Katika miaka ya 1970, Uganda ya Idi Amin ndiyo iliyokuwa ikipoteza kahawa. Baada ya wafanyabiashara wa Kiasia kufukuzwa mwaka 1972, bodi ya serikali ilimlipa mkulima kwa fedha isiyonunua kitu, na kahawa ikatiririka kwenda Kenya. Mwaka 1976 soko dogo la Chepkube, mpakani mwa Kenya, likawa maarufu kwa biashara hiyo. Amin alitumia askari na adhabu kali, lakini kahawa haikurudi.

Mwaka 1991 Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi na kuruhusu wanunuzi wengi, huku mamlaka mpya ikibakia na kazi ya kusimamia ubora na kugawa miche. Nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 iliuza nje magunia yasiyozidi milioni 3 kwa mwaka, katika msimu wa 2020/21 ilivuka magunia milioni 6 ya kilo 60. Uzalishaji wa Tanzania, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, ulizunguka tani 50,000, ambazo hazifiki hata magunia milioni moja.

Watu wa pande mbili za mto ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na udongo wao haupishani sana. Kilichopishana ni uamuzi wa viongozi.

SOKO HURIA NA BUTURA

Tanzania nayo ilifungua soko la kahawa katika msimu wa 1994/95. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu, na sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikaongezeka. Lakini matatizo hayakuisha. Ubora ulishuka kwa sababu baadhi ya wanunuzi walichukua chochote, hata kahawa mbichi iliyovunwa kabla ya kuiva. Ugonjwa wa mnyauko fusari ulipoingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, mibuni ya robusta ikakauka, na kazi ya kutafuta miche inayoukinza iliangukia Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye kituo Maruku.

Juu ya yote, butura iliendelea. Butura ni mkulima kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda changa. Ada ya shule hudaiwa Januari, wakati mavuno huanza katikati ya mwaka. Benki haimkopeshi mkulima asiye na hati ya shamba, na chama cha msingi hakina fedha hadi msimu ufunguliwe. Mwenye fedha wa kijijini ndiye anayebaki.

Chukua mfano. Mkulima anahitaji Sh. 300,000 mwezi Januari. Anauza kilo 300 za maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, kwa Sh. 1,000 kila kilo. Bei ya msimu ikifika Sh. 2,000, mwezi Julai kahawa ile ina thamani ya Sh. 600,000. Kwa miezi sita amelipa riba ya asilimia 100.

Butura imepigwa marufuku mara nyingi na viongozi wa ngazi zote. Marufuku hizo zimeshindwa kwa sababu moja: hazikuleta mkopo wa Januari. Tena, mwenye butura aliyechukua kahawa kwa bei ya kutupa ndiye mwenye mtaji wa kuipeleka ng'ambo, kwa hiyo tatizo moja hulisha jingine.

AMRI YA 2018

Mwaka 2018 serikali ya Rais John Magufuli iliagiza kahawa yote ya mkulima ikusanywe na vyama vya msingi na kuuzwa kwa utaratibu wa mnada. Wanunuzi binafsi walizuiwa kununua moja kwa moja vijijini. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuondoa walanguzi, kukomesha butura na kumpa mkulima bei ya mnada. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi 3, hatua iliyopokelewa vizuri.

Tatizo lilikuwa katika malipo. Mkulima alitakiwa kukabidhi kahawa kwanza, kupokea malipo ya awali, kisha kusubiri kinachobaki baada ya mauzo na makato ya chama cha msingi na chama kikuu. Mnunuzi wa ng'ambo alilipa fedha yote siku hiyo hiyo. Hata kama hesabu ya mwisho ya chama ingekuwa nzuri, mkulima mwenye mgonjwa hospitalini hawezi kuusubiri mnada. Vizuizi vikaongezwa katika barabara za kuelekea mpakani, magunia yakakamatwa, na wapitishaji wakahamia njia za usiku.

Hasara ya pengo hilo inaweza kukadiriwa. Tuseme lori moja la tani 10 za maganda limevuka, na bei ni Sh. 2,000 kwa kilo. Thamani yake ni Sh. milioni 20, na halmashauri imekosa ushuru wa Sh. 600,000. Maganda hayo yangekobolewa yangetoa karibu tani 5 za kahawa safi. Kwa bei ya mfano ya dola 2,500 kwa tani, Taifa limekosa dola 12,500, na kiwanda cha kukoboa kimekosa kazi. Kahawa hiyo itasafirishwa kihalali kabisa, isipokuwa itahesabiwa kuwa ya nchi nyingine.

Kyerwa, iliyopata hadhi ya wilaya mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Karagwe, huguswa zaidi na hesabu hiyo. Ni wilaya changa yenye madarasa na zahanati za kujenga, na kahawa ni chanzo chake kikubwa cha mapato ya ndani. Fedha inayotumika kuweka doria mtoni ni ile ile iliyopaswa kutokana na ushuru wa kahawa isiyovuka.

DAWA NI KULIPIZA BEI

Miaka iliyofuata ilitoa ushahidi wa upande wa pili. Minada ya kahawa ilisogezwa hadi Kagera badala ya kutegemea Moshi, makato yakajadiliwa hadharani, na bei ya dunia ikasaidia. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, na minada ya Kagera ikapanda nayo. Mkulima anayepata bei ya ushindani karibu na kwake hana sababu ya kuhatarisha mzigo wake mtoni usiku.

Lakini bei nzuri ya dunia huficha makosa ya sera, kama ilivyofanya mwaka 1977. Mtihani huja bei inaposhuka, na katikati ya 2025 robusta ilikuwa tayari imeteremka mbali na kilele chake. Hapo ndipo kila shilingi ya makato na kila wiki ya kuchelewesha malipo hurudi kuhesabika.

Wenye mamlaka wana mambo matatu yaliyo katika uwezo wao, na hakuna hata moja linalohitaji askari. La kwanza ni kumlipa mkulima mara mnada unapofungwa. La pili ni kubandika makato yote, shilingi kwa shilingi, katika ubao wa kila chama cha msingi. La tatu ni kuwezesha mkopo mdogo wa Januari kwa dhamana ya kahawa ya msimu, ili mwenye butura apate mshindani badala ya marufuku nyingine.

Wanunuzi na wasafirishaji wanaopanga msimu watafanya vizuri kuuliza bei mbili, ya mnada wa Karagwe na ya ng'ambo ya Murongo, kabla ya kukadiria mzigo utakaofika Bukoba. Bei hizo zikiachana sana, makadirio ya mavuno, hata yawe makubwa kiasi gani, hayatafika ghalani.