Majivuno ya Waliotubu

Unyenyekevu na Kujihesabia Haki: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulisoma habari za Farisayo na mtoza ushuru katika Luka 18, tukaona kwamba Farisayo hakusema uongo. Kufunga alifunga, na zaka alitoa. Kosa lake ni kwamba hakuweza kumshukuru Mungu bila kumdharau mtu. Leo tuangalie jinsi kosa hilo linavyoweza kuzaliwa ndani ya toba yenyewe, nasi watu wa Nyanza tunao ushahidi wa karibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulifika kwetu. Waliookoka walisimama mbele ya watu wakaungama wizi, uzinzi na chuki kwa kuzitaja. Walirudisha mali za wenyewe. Katika siku zile za ukoloni, Wazungu na Waafrika waliombana radhi. Huo ulikuwa unyenyekevu wa kweli, na makanisa ya Homa Bay na Migori yanakula matunda yake mpaka leo.

Miaka ikapita, na baadhi yao wakaanza kuwahoji wenzao: Umeokoka lini? Umeungama nini? Asiyekuwa na siku ya kutaja, hata kama amelea mayatima na kuhudhuria ibada tangu utotoni, alihesabiwa kuwa bado yuko gizani. Katika kanisa la Anglikana miongoni mwa Waluo, pande mbili zikapata majina: Joremo, yaani watu wa damu ya Yesu, na Johera, watu wa upendo. Mzozo ulihusu pia uongozi na mamlaka ya wamisionari. Mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, walijitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Nao Johera hawakuwa nje ya hatari hiyo, kwa maana anayejisifia upendo huku akimdharau ndugu yake amesimama palepale aliposimama Farisayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maungamo yaliyomshusha mtu jana ndiyo anayoyafanya kipimo cha kuwapimia wengine leo.

Tusidhani hayo yaliisha na wazee wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu asilimia 20 ya watu wazima wa Homa Bay, na asilimia 13 wa Migori, walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa chini ya asilimia 5. Kwa hesabu hiyo, kwenye benchi la kanisa la Mbita au Kendu Bay lenye watu wazima watano, huenda mmoja alikuwa navyo. Hata hivyo wapo wanaopanda matatu na kupita zahanati iliyo jirani, wakachukue dawa mji wa mbali, wasije wakakutana kwenye foleni na mwenzao wa kwaya. Mlevi wa kijijini hawamwogopi. Wanatuogopa sisi tuliookoka, kwa sababu wametusikia tukiwasema wengine.

Paulo alipomwandikia Timotheo alijitaja kuwa wa kwanza katika wenye dhambi. Hakusema kwamba alikuwa hivyo zamani. Alisema ndivyo alivyo, naye alikuwa ametumika miaka mingi akiwa mtume. Sikilizeni shuhuda zetu sasa. Tunasimulia pombe tulizoacha na wizi wa ujanani, dhambi ambazo hazituaibishi tena. Ya juma hili hatuyagusi: mjane tuliyemsengenya, mfanyakazi tuliyemdhulumu ujira wake, mgonjwa tuliyekataa kuketi naye.

Basi anayesimama Jumapili hii kutoa ushuhuda aanze na dhambi ya juma hili, na kabla ya kusimama amwendee aliyemkosea amwombe radhi. Toba isiyofika kwa jirani haijamaliza safari. Na viongozi wa kanisa watangulie, maana waumini hujifunza kunyenyekea zaidi kwa kumwona mchungaji akikiri kosa kuliko kwa kumsikia akihubiri unyenyekevu.

Katika sehemu ya tatu tutazungumzia nidhamu ya kanisa: namna ya kumrudi aliyekosa pasipo kumdharau.